Daftari Lililo Pembeni ya Kompyuta

Ukitaka kujua kama mfumo wa ofisi fulani unafaa, usianze kwa kuufungua. Angalia pembeni ya kompyuta kama kuna daftari. Mara nyingi lipo, na kilichoandikwa mle ni kile ambacho mfumo umekikataa au haukukitengea nafasi.

Mimi natengeneza mifumo ya kusajili wagonjwa, na siku hizi siitishi kikao cha kukusanya mahitaji kabla sijakaa na watu wakiwa kazini. Kikaoni huja wakuu wa idara, nao hueleza kazi jinsi inavyotakiwa kufanyika. Anayejua inavyofanyika kweli ni karani, lakini ukimketisha mbele ya mganga mfawidhi, unategemea aseme nini?

Nenda asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni, na ukae nyuma ya dirisha la mapokezi. Katika kituo kimoja cha afya mfumo ulidai tarehe kamili ya kuzaliwa, la sivyo haukuendelea. Akaja bibi mmoja. Mwaka haujui, anachokumbuka ni kwamba Uhuru ulimkuta ameshavunja ungo. Dada wa mapokezi akaandika 1 Januari, mwaka akaukadiria. Nilipomuuliza, alinijibu bila kunitazama: “Sasa kaka, nimrudishe nyumbani akautafute?” Ukifungua kumbukumbu za kituo kile utadhani wazee wa kata nzima walizaliwa siku moja. Tuliongeza kisanduku cha “umri wa kukadiria”, kazi ya muda mfupi tu. Hakuna kikao ambacho kingeniambia hilo.

Baada ya hapo chora skrini kwa mkono kwenye karatasi, umpe mtumiaji kalamu nyekundu. Skrini iliyokamilika, yenye rangi na nembo, watu huisifia kwa adabu. Karatasi wanaikatakata.

Mbinu hii ina umri. Katika nchi za Skandinavia, miaka ya 1980, mradi wa UTOPIA uliwakutanisha watafiti na wafanyakazi wa uchapaji magazeti, wakaigiza kazi kwa vifaa vya kubuni: boksi tupu likaandikwa kuwa ni printa ya leza, na likatumika hivyo hivyo. Kabla yao, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kristen Nygaard wa Norway alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma. Kwao suala lilikuwa haki: nani aamue mashine itabadilisha vipi kazi yangu? Sisi tumechukua karatasi na kalamu, swali lile tumelikwepa.

Halafu kuna muda. Karani anayekujaribia mfumo huku wagonjwa wanamsubiri anafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja. Muombe mkuu wa kituo atoe mtu wa kushika dirisha, na uombe kabla bajeti haijapitishwa. Bila hivyo, ushirikishwaji unaishia kwenye saini za mahudhurio.

Kila pendekezo lijibiwe, hata lile unalolikataa, tena kwa sababu. Anayenyamaziwa mara mbili hasemi tena. Na usiamini sifa za wiki ya mafunzo. Rudi mwisho wa mwezi, ripoti zinapojumlishwa. Ukimkuta muuguzi anahesabu upya kwa kalkuleta ya simu tarakimu ambazo mfumo umeshazijumlisha, vuta kiti umuulize ni ipi asiyoiamini.