Vidonge vya Kutuliza Wasiwasi
Diazepamu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963 kwa jina la Valium, humtuliza mtu mwenye hofu iliyopita kiasi. Ni dawa ya cheti cha daktari, wala si peremende ya kugawiana nyumbani. Ikichanganywa na pombe, iwe ya dukani au mbege ya nyumbani, pumzi yaweza kufifia hata mtu akafa usingizini. Lakini liko kosa lisilosemwa sana: aliyeizoea kwa majuma mengi huiacha ghafula, akidhani amepona. Huyo aweza kutetemeka, hata kuanguka kifafa. Basi, enyi wazazi, msimnyang'anye mgonjwa vidonge vyake kwa kuona haya. Mpelekeni kwa daktari, naye atapunguza kipimo kidogo kidogo, pengine kwa miezi kadha.