Kwanza Somo, Kisha Chombo

Mawazo ya mwanafunzi wa ualimu kuhusu vyombo vya kisasa darasani

Mimi ni mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Mwakani nitamaliza mafunzo, nami nitaitwa mwalimu. Leo nataka tuzungumze habari ya vyombo vya kisasa darasani: redio, televisheni, kompyuta, projekta na vishikwambi. Watu wengine husema vyombo hivi vitaondoa shida zote za shule. Wengine husema ni anasa tu. Mimi nilikuwa katika kundi la kwanza. Sasa nimejifunza, na nitakueleza nilivyojifunza.

Siku niliyoshindwa

Mwaka huu nilikwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kijijini. Shule hiyo haina umeme. Nilipewa darasa la tano, lenye watoto 84. Somo lilikuwa sayansi, na mada ilikuwa moyo na mzunguko wa damu.

Mwalimu wa darasa aliniazima kishikwambi chake. Kishikwambi ni chombo bapa, kama kile kibao cha kuandikia cha zamani, lakini kina kioo chenye kuonyesha maandishi na picha. Agosti 2022 makarani wa sensa walivitumia vyombo hivi kuhesabu watu nchini Tanzania. Baada ya sensa, serikali ilivigawa kwa walimu.

Basi, nikatafuta picha za moyo zinazocheza, nikaziweka humo. Usiku sikulala kwa furaha. Nilijua kesho watoto watashangaa.

Kweli, walishangaa. Nilipoinua kile kishikwambi, watoto wote 84 walisimama. Wa mbele waliona. Wa nyuma walipanda juu ya madawati. Mmoja alianguka akaumia goti. Nikazunguka nacho mezani hata mezani, na kila nilipofika watoto waligombania kukishika. Kabla sijamaliza nusu ya darasa, chaji ikaisha. Kioo kikawa cheusi.

Nikauliza, "Moyo una vyumba vingapi?" Kimya. Hakuna aliyejua. Nikauliza tena, "Mmeona nini?" Mtoto mmoja akajibu, "Tumeona simu kubwa, mwalimu."

Niliona haya sana. Sikuwa nimefundisha somo la moyo. Nilikuwa nimeonyesha chombo.

Maneno ya bibi

Jumamosi nilikwenda kumsalimu bibi yangu. Bibi alijifunza kusoma katika darasa la kisomo akiwa msichana. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umekunjamana?" Nikamweleza yote.

Bibi akacheka. Akasema, "Hata sisi tulifundishwa kwa chombo. Mwaka wa Mtu ni Afya, chombo chetu kilikuwa redio."

Ndugu msomaji, wazee wetu wanaikumbuka kampeni hiyo. Ilifanyika Tanzania mwaka 1973, kwa majuma 12. Watu kiasi cha milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini. Walijifunza juu ya malaria, kuhara, kichocho na magonjwa mengine yanayoweza kuzuilika.

Nikamwuliza bibi kazi ilikwendaje. Akanieleza hivi:

"Tulikaa chini ya mwembe. Redio ilikuwa moja tu. Kipindi kikianza, tunanyamaza na kusikiliza. Kikiisha, kiongozi wa kikundi anafungua kitabu, anayejua kusoma anatusomea. Halafu ndipo tunaanza kuzungumza. Je, jambo hili lipo hapa kwetu? Nani hana choo? Maji tunachota wapi? Mwisho tunakata shauri: juma hili tutafanya nini. Redio ilisema muda mfupi. Sisi tulisema mpaka jua likatua. Tena nikwambie, mjukuu wangu, redio haikuchimba hata choo kimoja. Tulichimba sisi."

Maneno hayo yaliniingia. Nikatambua kosa langu. Mimi nilikuwa na picha, lakini sikuwa na swali la kuwauliza watoto. Sikuwapanga katika vikundi. Sikuwapa kazi ya kufanya. Nilidhani picha itafanya kazi yangu.

Siku ya pili

Jumatatu asubuhi nilipita buchani, nikanunua moyo wa mbuzi. Moyo wa mbuzi una vyumba vinne, sawasawa na moyo wa mtu. Nikaupasua mbele ya darasa. Watoto wakaja kundi baada ya kundi. Wakahesabu vyumba: viwili juu, viwili chini. Wakaona kuwa ukuta wa upande wa kushoto ni mnene zaidi. Nikawauliza kwa nini. Wakabishana, mwisho msichana mmoja akasema, "Labda upande huo unafanya kazi nzito." Ndivyo ilivyo. Upande wa kushoto ndio unaosukuma damu kwenda mwili mzima, na upande wa kulia husukuma damu kwenda kwenye mapafu tu.

Kisha kila mtoto akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, akahesabu mapigo. Mimi nikashika saa. Baadaye wakaruka mahali pamoja kwa dakika moja, wakahesabu tena. Mapigo yaliongezeka. Wakaandika hesabu zote mbili.

Lakini moyo wa mbuzi aliyekufa haupigi. Hauwezi kuonyesha jinsi damu inavyoingia na kutoka. Hapo ndipo kishikwambi kilipopata kazi yake. Safari hii nilikuwa nimekichaji tangu jana yake. Niligawa watoto katika vikundi 7, kila kikundi watoto 12. Kila kikundi kilitazama picha kwa dakika 2, na swali moja mkononi: "Damu inaingia kwa mlango upi, na inatoka kwa mlango upi?" Dakika 2 mara vikundi 7 ni dakika 14. Kipindi chetu ni dakika 40, kwa hiyo muda ulitosha. Waliokuwa wakingoja walichora moyo katika daftari zao.

Nilipouliza maswali, mikono ilijaa hewani. Kumbe kishikwambi ni kilekile, na watoto ni walewale. Kilichobadilika ni mwalimu.

Walivyojifunza wengine

Shida hii si ya mwalimu mmoja tu. Hata nchi nzima yaweza kujikwaa hapo. Chuoni tulisoma habari za Kodivaa, nchi iliyoko Afrika Magharibi. Mwaka 1971 nchi hiyo ilianza mpango mkubwa wa kufundisha shule za msingi kwa televisheni. Vipindi vilitengenezwa katika mji wa Bouaké, vikarushwa hadi shuleni. Mahali pasipo na umeme, televisheni ziliendeshwa kwa betri. Mwalimu darasani alifuata kile kilichosemwa na televisheni.

Mpango huo ulikuwa na mazuri yake, maana watoto wengi walipata masomo. Lakini gharama zilikuwa nzito, na walimu na wazazi wengi hawakuridhika. Miaka ya 1980 ilipoanza, mpango ukasimamishwa. Fundisho ni hili: chombo kikija bila mwalimu na mzazi kukikubali, hakidumu.

Habari nyingine ni ya juzi tu. Mwaka 2020 shule zilifungwa duniani kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Nchi nyingi zilifundisha kwa redio, televisheni na intaneti. UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, lilieleza kuwa watoto wasiopungua milioni 463 hawakuweza kupata masomo hayo. Wengi wao walikuwa wa familia maskini na wa vijijini. Kwa hiyo chombo kinaweza kuwainua watoto, lakini kinaweza pia kuwaacha nyuma wale wasio nacho.

Hesabu ya betri

Sasa tufanye hesabu kidogo. Huenda siku moja kijiji chako kitakaa kikao kuamua kununua chombo cha shule. Usikubali wala usikatae kabla ya kupiga hesabu.

Kila chombo cha umeme hula nguvu. Nguvu hiyo hupimwa kwa wati. Tazama nyuma ya chombo, utaona imeandikwa. Tuchukue mfano huu:

Redio ndogo: wati 5.
Televisheni ndogo: wati 50.
Projekta: wati 200.

Shule ina betri ya sola iliyoandikwa 12V na 100Ah. Zidisha 12 mara 100. Unapata 1,200. Hiyo ndiyo akiba ya betri ikiwa imejaa. Lakini betri ya maji, kama zile za magari, haifai kukamuliwa mpaka mwisho, maana itakufa mapema. Tutumie nusu tu, yaani 600.

Sasa gawanya:

600 kwa 5 ni saa 120 za redio.
600 kwa 50 ni saa 12 za televisheni.
600 kwa 200 ni saa 3 za projekta.

Unaona? Betri ni moja, lakini redio itaimba saa 120 na projekta itafanya kazi saa 3 tu. Hii haina maana kwamba projekta ni mbaya. Inaonyesha picha ambayo watoto 84 wataiona pamoja. Ila ni lazima tujue bei yake yote: bei ya kununua, bei ya umeme, na bei ya fundi ikiharibika.

Maswali manne kabla ya kununua

Mimi nimeyaandika maswali haya katika daftari langu. Nitakwenda nayo shule yoyote nitakayopangiwa. Wewe mzazi pia unaweza kuyauliza kikaoni, bila hofu.

1. Somo ni lipi? Mwalimu aseme kwanza anataka watoto wajue nini. Kama jambo lenyewe lipo hapa kijijini, kama vile mbegu, udongo au moyo wa mbuzi, tuanze na hilo. Chombo kituonyeshe tusiyoweza kuyaona kwa macho: moyo unaopiga, bahari, vijidudu.

2. Nani atakitumia? Mwalimu asiyefundishwa kukitumia atakifungia kabatini.

3. Nani ataachwa? Mtoto asiyeona hafaidi picha. Mtoto asiyesikia hafaidi redio. Anayekaa nyuma naye ana haki yake.

4. Nani atakitunza? Lazima pawe na kabati lenye kufuli, betri nzima, na fedha kidogo za matengenezo kila mwaka.

Wajibu wa mzazi

Mzazi mwenzangu wa kesho, usiseme, "Mimi nimesoma kisomo tu, mambo ya kompyuta hayanihusu." Yanakuhusu. Kuuliza maswali hayo manne hakuhitaji digrii. Wewe unajua kusoma maandishi yaliyo nyuma ya betri. Unajua kuzidisha na kugawanya. Na mtoto ni wako.

Mtoto akirudi nyumbani akasema, "Leo tumeangalia televisheni shuleni," usiishie kusema, "Vizuri." Mwulize, "Umejifunza nini?" Akikueleza, chombo kimefanya kazi. Akikueleza rangi ya televisheni tu, nenda ukazungumze na mwalimu kwa upole. Mimi mwenyewe ningefurahi kama mzazi mmoja angekuja kunieleza siku ile niliyoshindwa.

Nikimaliza chuo sitavikimbia vyombo vya kisasa. Nitavitumia kila nitakapovipata. Lakini nitakuwa nimeandaa somo langu kwanza, ili chaji ikiisha, somo lisiishe.

Maneno ya kukumbuka

Kishikwambi: chombo bapa chenye kioo, cha kusomea na kuonyesha picha.
Projekta: chombo kinachotupa picha kubwa ukutani kwa mwanga.
Wati: kipimo cha nguvu ya umeme.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini watoto hawakujua vyumba vya moyo siku ya kwanza?
2. Vikundi vya Mtu ni Afya vilifanya nini baada ya redio kunyamaza?
3. Chombo kinakula wati 100. Kwa betri ile ile ya somo hili, kitafanya kazi saa ngapi?
4. Shule ya kijiji chenu inahitaji nini kwanza? Toeni sababu.