Malipo Yakikwama, Usibonyeze Tena

Ni jioni ya mwisho wa mwezi, duka la Kaptembwo limejaa. Umelipia unga lakini meseji haijaingia. Urudie? Hapana, ngoja kwanza.

Kila malipo hupitia seva, yaani kompyuta zinazokagua PIN, kusoma salio na kuandika hesabu. Watu wengi wakilipa kwa pamoja, maombi hupanga foleni. Ukirudia, unaongeza ombi jingine, na unaweza kukatwa pesa mara mbili.

Tunapunguzaje foleni? Tunagawa kazi kwa seva kadhaa, na kuhamisha pesa kunatangulia. Taarifa ya mwezi inaweza kungoja. Umbali pia una gharama: M-Pesa ilianza Kenya 2007, lakini seva zake zilikuwa Ujerumani hadi zilipohamishiwa nchini 2015.

Ukikwama:

1. Angalia salio mara moja tu.
2. Limepungua? Usirudie. Mwambie muuzaji aangalie till yake.
3. Halijapungua? Subiri meseji. Ikisema malipo yamekataliwa, ndipo ujaribu upya.
4. Kimya kikizidi, tupigie. Hatutakuuliza PIN.

Nawe muuzaji, hakikisha pesa zimeingia kwa till kabla ya kutoa bidhaa.