SOMO LA SINEMA: MLIMA ULIOKATAZWA



Sisi vijana tunapenda sinema za hatari: nyumba zinaanguka, watu wanalia, mwisho shujaa anaokoa msichana. Leo tunataka kuwaelezea sinema moja ya zamani ambayo wengi hawaijui, lakini ilipigwa katika inchi yetu. Jina lake kwa Kifaransa ni Le Volcan interdit, ya mwaka 1966. Aliyeitengeneza ni Haroun Tazieff, mtaalamu wa volkano. Maneno yake yaliandikwa na Chris Marker. Ilishindania tuzo ya Oscar kule Marekani, haikupata.

1. Inaonyesha nini? Nyiragongo, karibu na Goma, mlima wa metre 3.470. Tazieff aliona ziwa la moto ndani ya shimo lake mwaka 1948, akarudi mara nyingi. Watu wanashuka shimoni mpaka karibu na mawe yanayochemka kama uji. Hakuna mji unaoungua.

2. Basi utamu uko wapi? Ni kwamba sisi tunajua kilichofuata. Tarehe 10 Januari 1977 mlima ulipasuka ubavuni, ziwa lile likamwagika lote pasipo kufika saa moja. Moto wa Nyiragongo una silika kidogo, kwa hiyo hauko mzito, unakimbia. Watu walikufa. Tarehe 17 Januari 2002 uliingia Goma katikati. Tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena. Kati yetu kuna wenye ndugu kule. Ukijua hayo, ziwa lile limetulia tu, na mwili unasisimka.

3. Inatufundisha nini? Wengine wanasema: kupima moto ni kumjaribu Mungu. Hatukubali. Angalieni Wagenia wetu, wanasimamisha miti na mitego yao ndani ya maji makali. Haiko sababu hawana woga, ni sababu wanayajua maji. Mwaka 2021 mlima ulishitukiza hata wenye kuupima. Kumbe kazi haijaisha! Inangoja yule ambaye leo anasinzia katika somo la fizikia. Anayeujua mlima ataweza kumwambia jirani yake atoke mapema.

MAULIZO
a) Kwa nini moto wa Nyiragongo unakimbia?
b) Woga na busara vinaachana wapi?
c) Eliya pale Horebu aliona moto, lakini Mungu alisema naye namna gani?

Sisi wa mwaka wa sita