Mafunzo kwa Walimu: Kuchora, Kufinyanga na Kuigiza

Mwalimu ajifunzaye kazi huweza kudhani ya kuwa kuchora, kufinyanga na kuigiza ni kupoteza saa za masomo. Sisi twaona sivyo.

Mwaka 1937 Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Makerere. Hapo alisoma Sam Ntiro, mzaliwa wa Uchagani, aliyechora mambo ya kwao. Picha yake ya mwaka 1956, ya watu wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, imo katika jumba la sanaa huko New York. Basi mtoto na achore ayajuayo.

Udongo wa kufinyangia uondolewe mawe, ukandwe sana. Na vyombo vikaushwe kivulini, kwani jua kali huvipasua.

Katika kuigiza, mwalimu asimulie hadithi, kama ya Sungura na Fisi, kisha awagawie watoto nafasi. Asiwakaririshe, kila mmoja aseme kwa maneno yake mwenyewe.

Tulipata kumwona mtoto aliyeitwa bubu na wenziwe, na mwalimu wake alimwadhibu kwa kutojibu. Siku alipofanywa Fisi alilia kwa njaa, akabishana na Sungura, darasa zima likacheka. Kesho yake alinyosha mkono katika hesabu. Kumbe hakuwa mkaidi. Alikuwa na hofu, na fimbo ilimzidishia.

Mzazi akiuliza kwa nini mwanawe achezee udongo shuleni, mwalimu na amkaribishe aje atazame. Udongo uwahi ungali maji.