Deni la Damu: Maswali Kuhusu Mato Oput ya Waacholi

Vita vya Lord's Resistance Army (LRA) ya Joseph Kony vilianza kaskazini mwa Uganda mwaka 1987 na kuwasumbua watu kwa takribani miaka 20. Vilipopoa, ibada ya Waacholi wa huko iitwayo mato oput ilijulikana duniani kote, na wengi wakaichukulia kama msamaha wa kienyeji: muuaji anakunywa dawa chungu, yanaisha. Maelezo hayo yanawaonea Waacholi. Mila yao inamdai mkosaji mambo ambayo gereza halimdai kamwe.

Mtu akiuawa, Mwacholi anaona nini kimeharibika?

Uhusiano wa koo mbili umekatika. Tangu siku hiyo ukoo wa muuaji na ukoo wa marehemu hawali pamoja, hawanywi pamoja, hawaozani. Marehemu naye hajatulia. Aliyeuawa kwa dhuluma, au aliyeachwa porini bila kuzikwa, anageuka kuwa cen (tamka "chen"), roho yenye kinyongo. Cen humwandama muuaji kwa ndoto mbaya, maradhi na wazimu, na inaweza kumwacha yeye ikamshika mtoto wa ndugu yake. Hata mpita njia aliyekutana na maiti iliyotelekezwa anaweza kurudi nayo nyumbani.

Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema "hayo ni yake mwenyewe." Kosa limetendwa na mkono mmoja, lakini madhara yanaingia kila nyumba ya ukoo. Wazee humbana mkosaji aseme ukweli kwa sababu ukimya wake unawaweka watoto wao hatarini.

Na aliyeua bila kukusudia?

Anadaiwa vilevile. Nia inaweza kubadili ukubwa wa fidia, haiwezi kulifuta deni. Damu imemwagika, na ukoo fulani umepungukiwa mtu.

Ibada yenyewe hufanyikaje?

Siku ya ibada ni ya mwisho katika safari ndefu. Kabla yake wapatanishi wanakwenda na kurudi baina ya koo mbili, pengine kwa miaka, mpaka mambo matatu yatimie: muuaji akiri, ukweli wote usemwe pasipo kupunguzwa, na fidia ikubaliwe. Fidia hiyo huitwa kwor, na zamani ilikuwa ng'ombe. Matumizi yake ndiyo yaliyonivuta zaidi katika somo hili: ukoo uliofiwa uliitumia kumwolea kijana wao mke, na mtoto aliyezaliwa akaweza kupewa jina la marehemu. Walitafuta uhai mahali palipotoka uhai. Na kwa kuwa ukoo mzima ulichangia mifugo hiyo, kila kijana alijua kwamba hasira yake ingeweza kufilisi zizi la baba zake wadogo.

Siku ikifika, upande wa muuaji unaleta kondoo, waliofiwa wanaleta mbuzi. Wanyama hukatwa nusu kwa nusu na pande mbili zikabadilishana. Mzizi wa mti wa oput husagwa na kuchanganywa na pombe ya kienyeji. Wawakilishi wa koo hizo wanapiga magoti, mikono nyuma, wanainama na kunywa kutoka chombo kimoja. Kisha watu wote wanakula pamoja, mara ya kwanza tangu mauaji.

Waliofiwa wana kosa gani hata wanywe uchungu?

Hawana kosa. Wana uchungu, na uchungu uliofungiwa unazaa kisasi. Ukoo uliofiwa unapokunywa, unakubali mbele ya mashahidi kwamba hautamvizia mtu njiani. Hilo ni jukumu zito, na ni haki yao kulikataa mpaka waridhike na ukweli waliosikia. Anayewaharakisha wafiwa wasamehe, awe kiongozi wa dini au mfadhili kutoka nje, ameuvunja utaratibu wenyewe.

Watoto waliotekwa na LRA na kulazimishwa kuua waliwekwa kundi gani?

Waliporudi, wengi walipokelewa kwa nyono tong gweno, yaani kukanyaga yai. Yai ni alama ya usafi. Pembeni huwekwa tawi la opobo, lenye utelezi kama sabuni, na layibi, mti wa kufungulia ghala, kumwambia anayerudi kwamba chakula cha nyumbani ni chake tena. Ibada hii humkaribisha mtu tu. Deni la damu, kama lipo, linabaki kusubiri.

Mfano mgumu kuliko yote ni wa Dominic Ongwen. Alitekwa akiwa mtoto, akakulia LRA hadi akawa kamanda. Mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimkuta na hatia kwa mashtaka 61 na kumfunga miaka 25, ikizingatia utoto wake ulioporwa. Mawakili wake waliomba mila za Kiacholi ziingizwe katika adhabu, majaji wakakataa. Nadhani walikuwa sahihi, kwa kuwa mato oput haiwezi kuagizwa na mahakama. Lakini kifungo hicho hakijazirudisha koo zilizogombana kwenye chungu kimoja.

Je, mila hii inatosha kwa vita vizima?

Haitoshi. Ilitungwa kwa muuaji anayejulikana na ukoo unaojulikana. Mwaka 2004 LRA iliua mamia ya watu Barlonyo, katika nchi ya Walango. Wafiwa wale si Waacholi, na Walango wana desturi yao, kayo cuk. Makubaliano ya Juba ya Juni 2007 baina ya serikali ya Uganda na LRA yaliliona hilo, yakazitaja mila za makabila kadhaa bega kwa bega na mahakama.

Kuna pengo jingine linalozungumzwa kwa sauti ya chini mno. Askari wa serikali nao waliua raia, na zaidi ya watu milioni moja walisukumwa kwenye kambi ambako wengi walikufa kwa maradhi. Serikali haina ukoo wa kuleta kondoo. Hata hivyo inaweza kukiri hadharani, kutaja waliouawa na mahali walipozikwa, na kulipa fidia kwa familia zao. Mila inaanza na kukiri, na hatua hiyo haihitaji ukoo wala ng'ombe.