Punguza Jembe, Lisha Udongo

Kwa anayeishi Kariakoo, Gerezani au Ilala, shamba mara nyingi ni matuta mawili uani na viroba vichache vya matembele. Kwa sababu eneo ni dogo, jembe hupita palepale mwaka mzima, na udongo unachoka. Unaweza kuuokoa.

1. Usilime udongo uliolowa. Masika yakikolea, hasa bondeni Msimbazi kwenye mfinyanzi, chukua konzi ya udongo uufinye uwe donge, kisha ulibonyeze kwa kidole gumba. Likimeguka, lima. Likibonyea tu kama ugali, subiri siku chache, maana ukiulima sasa utapata mabonge yatakayokauka hata mizizi ishindwe kupenya.

2. Tifua kidogo, usipindue. Mchicha huwa tayari kwa takribani wiki tatu hadi nne, na wengi wetu tukishavuna tunalikatua tuta lote upya. Mkupuo wa kwanza hustawi kweli: hewa iliyoingia imewachangamsha bakteria, nao wamemeng'enya mboji na kuachia naitrojeni. Lakini hapo unakula akiba. Kwa joto la Dar es Salaam na udongo wetu wa kichanga, mboji huisha upesi, na mboji hiyohiyo, pamoja na nyuzi nyembamba za kuvu, ndiyo inayoshikiza chembe za udongo zikawa vidonge vyenye nafasi ya maji na hewa. Vidonge vikishapondwa, mvua kubwa inagandisha ukoko juu na maji yanakimbilia mtaroni. Chini nako, pale ncha ya jembe inapoishia kila mara, hujengeka tabaka gumu. Kwa hiyo kata mchicha shinani, mizizi uiache iozee humohumo, kisha fungua tu mistari ya kusia mbegu. Nyungunyungu wataendelea na kazi yao ya kutoboa njia za maji.

3. Pima kwa glasi ya maji. Kausha vidonge viwili vya udongo, kimoja cha tuta na kingine cha chini ya nyasi zisizolimwa. Vitumbukize taratibu. Kinachosambaratika mara moja kimepungukiwa na mboji.

4. Pitia sokoni jioni. Majani ya kabichi, maganda ya ndizi na makapi ya miwa hutupwa kila siku, na kwangu huo ni upotevu mkubwa. Majani na maganda yarundike na samadi ya kuku, lundo liwe na unyevu na uligeuze mara kwa mara. Makapi ya miwa usiyafukie mabichi, kwani yakioza huivuta naitrojeni ambayo mboga inaihitaji. Yatandaze juu ya tuta.

5. Jifunze kwa Wamatengo. Huko Mbinga, kwenye miteremko mikali, hulaza nyasi zilizokatwa katika miraba na kuzifunika kwa udongo, yakabaki mashimo ya ngoro yanayozuia mmomonyoko. Jembe lao linapopita, udongo unapata chakula. Nawe magugu yasiyo na mbegu yafukie tutani.

6. Kiwanja kilichokuwa gereji usikilime kabisa. Oili chafu na risasi ya betri hubaki ardhini miaka mingi. Panda kwenye viroba vyenye udongo safi, na kila ukivuna ongeza mboji juu bila kuvichimbua.